Kila Ijumaa Nililiamsha

Kila Ijumaa, kabla maji ya falaji hayajageuziwa jirani,
nilichukua ufunguo wako juu ya friji,
nikatoka na kanga yangu ya kuchakaa hadi kibandani.
Nafungua mlango, joto lanipiga usoni kama nimefunua chungu.
Nakaa kwenye kiti chako
ulichokirudisha nyuma mno kwa miguu yangu mifupi,
nazungusha.

Linakohoa. Linawaka.
Navuta tasbihi dakika tano, kisha nazima,
nasema: Aflah, gari lako li hai.
Wiki ishirini na mbili hivyo.

Ya ishirini na tatu: tik.
Tik, basi,
kama mtu aliyeguna bila kugeuza shingo.

Akaja Shafiqul wa sanaiya na nyaya zake mbili,
nyekundu na nyeusi, na kidude cha kupimia.
Akainua boneti. Kwenye vichwa vya betri pameota unga,
mweupe wenye ukijani,
kama limau lililosahauliwa nyuma ya kabati.
Akamwagia maji moto yenye magadi. Unga ukafoka, ukashuka.
Akasoma tarehe iliyogongwa ubavuni.
"Mama, hii ina miaka miwili na miezi minne."
Nikamwambia, bado mtoto.
Akacheka mpaka akashika kiuno.
"Kwetu Chittagong, sawa, mtoto.
Hapa Samail huyu ni mzee wa mkongojo.
Na wewe ndiye unayemmaliza."

Mimi?

Akanieleza kwa Kiarabu chake cha kukatakata, nami nakufasiria:
kila ukiliwasha, betri hutoa mkopo mkubwa kwa mpigo mmoja.
Injini hulipa, lakini hulipa kidogo kidogo,
nayo hupenda kulipa ikiwa njiani, nusu saa, hata zaidi.
Wewe, Mama, unakopa unazima,
unakopa unazima.

Ijumaa ishirini na mbili za deni.
Na mimi nilidhani namlisha.

Nikamuuliza, je, si hili joto?
Joto pia, akasema. Joto ndilo linaloua,
polepole, Juni, Julai,
linakausha maji ndani hadi mabamba yanabaki uchi.
Baridi ya Januari huja tu kutangaza msiba.
(Huko kwenye theluji yako, usimlaumu anayetangaza.)

Betri mpya, riali ishirini na sita.
Ya zamani aliichukua, akanipunguzia mbili.
Akapaka grisi vichwani kwa kidole, kama anampaka mtoto mafuta,
akaifunga isitikisike,
nami nikaandika tarehe juu yake kwa wino mzito.
Kisha akanipa njia mbili.
Kwanza: fungua waya mweusi, mweusi kabla ya mwekundu, usisahau,
uuzungushie kitambaa, gari lilale mpaka mwenyewe arudi.
Au: liende.
Kila wiki, hadi Fanja na kurudi.
"Nani wa kuliendesha?" nikauliza.
Akatazama pembeni, kwa adabu.

Nikafungua ule mweusi. Saa ya garini ikazimika.
Siku tisa nilipita kibandani bila kugeuka.

Mwanangu, baba yako alinipeleka,
kaka yako akanipeleka, halafu wewe.
Sokoni, hospitali, matangani, Maskati:
miaka hamsini na minane nimepelekwa tu,
mkoba mapajani, nikisoma mabango ya njiani.

Siku ya kumi nikaandikisha jina.
Mwalimu wangu Thuwaiba, rika la dada yako, hana huruma.
Nimeangusha dramu mara tatu nikirudi kinyumenyume,
ya tatu ikabingirika hadi miguuni pa askari,
akaisimamisha, akaniambia: tena, Mama.

Waya mweusi nimeurudisha mwenyewe. Mwekundu kwanza,
mweusi mwisho, kama nilivyofundishwa,
na spana yako namba kumi.
Fanja bado. Nimefika pampu ya petroli, Thuwaiba kando yangu,
mkono wake juu ya breki.

Ukirudi utakuta kiti kimevutwa mbele.
Kiache kwanza.